Sikio la Kulia

Waliokuja kuzika walipokwisha kuondoka, Haroub alikaa ukingoni mwa kitanda cha mkewe, mkononi ana kikofia cha sufu kisichozidi chungwa dogo. Mtoto wao, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, alikivaa siku tano tu ndani ya kisanduku cha kioo hospitalini.

"Mume wangu," Mwanakombo aliuliza, "ulimwadhinia kwenye sikio la kulia?"

Muuguzi alikuwa amemwonyesha tundu la kupitishia mkono, akamwambia amsogelee mwanawe. Haroub akaona haya mbele ya kina mama waliokuwa wodini na watoto wao. Kila siku alisema atamwadhinia akitoka, atakapompakata vizuri.

"Nilimwadhinia," alijibu.

"Alhamdulillahi. Basi hakuondoka bila kulisikia jina la Mola wake." Mwanakombo akafumba macho.

Haroub alitoka uani. Alikigeuzageuza kikofia akitafuta upande uliokuwa wa sikio la kulia, kisha akakisogeza mdomoni, akaanza kuadhini kwa sauti ya chini iliyokuwa ikimkatikia kila neno.

Chumbani, Mwanakombo alifumbua macho, akawa anasikiliza.