Darasa la Matamshi la Madam Purvis

"Mlango," alisema Madam Leontine Purvis, akigonga meza kwa pete yake. "Si 'mlaaango'. Unaita ng'ombe?"

"Mlaaango," alisema Hazel.

Darasa likacheka, na Madam akaliacha licheke. Aliamini aibu ni dawa. Wanafunzi wake walikuwa wapagazi wa stesheni, wapishi na mayaya walioshuka kwenye treni kutoka Georgia na Carolina, kusini mwa Marekani. Walipanda ngazi mpaka sebuleni kwake, hapo Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, ili wang'olewe lafudhi ya Kusini kama mtu anavyong'olewa jino bovu.

Madam mwenyewe alizaliwa Georgia, lakini habari hiyo aliiacha stesheni siku aliyoshuka. Siku hizi alivaa glavu hata kwenda sokoni. Alikula samaki wa kuchemsha, bila pilipili. Muuza viazi vitamu alipopita na mkokoteni wake akiimba, alifunga dirisha kwa kishindo.

"Wametuletea shamba zima mjini," alilalamika. "Miguu ya nguruwe, vitambaa kichwani, kelele kanisani. Watu wa New York watatuonaje?"

Watu wa New York aliowataka wamwone walikuwa akina mama wa chama kimoja cha watu weusi wenye majina yao, waliozaliwa humo wao, mama zao na bibi zao. Miaka yote walikuwa wakimwitikia salamu kwa kidevu tu. Sasa mwenyekiti wao, Bi. Cornelia Ten Eyck, alikuwa amemwomba alete mwanafunzi mmoja asome shairi kwenye chai yao. Mambo yakienda vizuri, Madam angefikiriwa uanachama.

Alimchagua Hazel Tobias. Siku ya kwanza msichana yule alifika akiwa karibu hana kosa, Madam akajiambia nusu ya kazi imeshafanyika. Tabu ni kwamba badala ya kupanda, Hazel alishuka. Kila wiki maneno yake yalizidi kuvutika, na miisho yake ikazidi kuliwa.

"Binti, unanifanyia makusudi?"

"Hapana, Madam. Hebu rudia, nisikie vizuri."

Madam akarudia. Hazel alimkodolea macho mdomoni kama mtu anayemtazama fundi akitunga uzi.

"Na mtu akikasirika, Madam, anatamkaje?"

"Mstaarabu akikasirika hutamka vilevile!" alisema Madam, akakasirika, akaeleza kwa kirefu.

Ulysses Gaddy, mpagazi wa kutoka Carolina, alikohoa ndani ya kofia yake.

Siku nyingine, ili waone ubaya wenyewe, Madam aliwaigizia wanawake wa Kusini. Alishika kiuno, akatoa macho, akaita kuku wa kufikirika. Wanafunzi walishika mbavu. Hazel peke yake hakujishughulisha, akawa anatazama barabarani.

"Madam," alisema Gaddy baada ya darasa, "huyu dada atakuangusha. Nipeleke mimi. Shairi nalijua lote."

"Wewe? Ukifungua mdomo tu nanusa pamba."

Gaddy alivaa kofia yake taratibu. "Pamba ndiyo iliyotulea, Madam."

"Iliyokulea wewe."

Siku ya chai ilipowadia, Madam hakugusa hata kipande cha keki. Hazel alisimama mbele ya vikombe vyembamba na kofia zenye manyoya, akasafisha koo. Madam akafumba macho.

Kisha akayafumbua. Kila neno lilitoka likiwa limenyooka, kama lililopigwa pasi. Hakuna lililovutwa, hakuna lililoliwa. Hazel alisoma kama mtu aliyenyonyeshwa matamshi yale. Alipomaliza, akina mama walipiga makofi, na Bi. Cornelia akamgeukia Madam.

"Ajabu," alisema. "Hebu tuambie, umewezaje?"

Madam hakutarajia kuombwa hotuba, lakini alikuwa nayo. Aliinuka, akawaeleza habari za ulimi na midomo, za subira yake, na za kazi ngumu ya kumwosha mtu wa shamba mpaka atakate. Akina mama kadhaa waliziba midomo kwa leso. Mmoja alifuta machozi. Madam aliwaona walivyoguswa, akaongeza kidogo.

"Tutakuandikia," alisema Bi. Cornelia, sauti ikimtetemeka.

Kwenye chumba cha makoti Madam alimkumbatia Hazel mpaka kofia ikaenda upande. "Nimekutoa Kusini, mwanangu! Nimekutoa!"

Hazel aliona haya. "Madam, nisamehe. Kusini sijawahi kufika. Nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa."

Madam alimwachia. "Sasa darasani kwangu ulifuata nini?"

"Nimepata nafasi kwenye mchezo wa jukwaani. Humo mimi ni mama wa Georgia, mfua nguo, ndiyo kwanza nimefika mjini. Wenzangu walinicheka, wakasema nasema kama karani. Mwongozaji ndiye aliyeniambia nije kwako. Alisema Harlem nzima hakuna anayesema Kigeorgia kuliko wewe."

Madam alifunga kifungo cha glavu, akakifungua, akakifunga tena. Halafu rangi ikamrudia usoni.

"Aa! Yale maigizo yangu," alisema, akacheka kidogo. "Ndiyo, kuiga najua. Hilo sikatai."

"Hapana, Madam," alisema Hazel kwa upole. "Yale ulikuwa unatia chumvi. Mimi nilijifunza ulipokuwa unanisahihisha."