Aliyekata Migomba

Aliyekata migomba ya Eunike hakugusa chipukizi hata moja. Mashina makubwa yalilala kifudifudi shamba zima, utomvu ukichuruzika, mikungu michanga imepondeka matopeni. Machipukizi yalibaki wima katikati yake, kama watoto walioachwa nyumbani peke yao.

"Siku hizi hata adui ana huruma," alisema Catherine, jirani yake na mpiga debe wake mkuu. Kisha akapiga yowe, na watu waliokuwa wakienda ibadani wakageuza njia.

Uchaguzi wa diwani ulikuwa Jumatano.

Mpaka asubuhi ile ya Jumapili, hakuna aliyekuwa amemwonea Eunike huruma. Aligombea uenyekiti wa kijiji, akashindwa. Akaugombea tena, akashindwa. Akajaribu ubunge, akaangushwa ndani ya chama chake mwenyewe. Sasa alikuwa anautaka udiwani. Ndiye aliyewapanga akina mama barabarani kuzuia malori ya mchanga yaliyokuwa yakiumaliza mto. Ndiye aliyepigiwa simu mjamzito anapozidiwa, kwa sababu zahanati haina hata chumba cha kujifungulia, na safari ya bodaboda hadi lami ni ya kumwomba Mungu tu. Kwenye shida watu walimwita dada. Kwenye kura walimwita Mafua.

"Umerudi tena?" walimzomea sokoni Tengeru. "Hata mafua hupona, wewe huponi! Nenda kapike loshoro, mume anasubiri!"

Juzi tu Eunike alimwagiwa maji machafu miguuni na muuza ndizi mmoja, mwanawe mchanga akiwa mgongoni, na soko zima likacheka.

Elisaria, diwani aliyekuwa anatetea kiti chake, hakuwahi kumzomea. Alikuwa na watu wa kumfanyia kazi hiyo.

Sasa upepo ulikuwa umegeuka. Huku mlimani, kukata mgomba wa mtu ni kukata chakula cha watoto wake. Ibada ilipokwisha, uwanja wa kijiji ulijaa watu wale wale waliocheka juzi, safari hii wakimtaka Elisaria.

"Aje hapa! Aje na panga lake!"

"Leo migomba, kesho atakata nani?"

Catherine alipanda juu ya benchi. "Tusibishane, jamani. Kivunjwe chungu!"

Chungu hakichezewi. Wazee hukinenea maneno, kisha hukivunja, na aliyetenda hupukutika, yeye na uzao wake wote, mmoja baada ya mwingine. Mchungaji hukikemea kila mara, na kila mara waumini huitikia amina. Lakini hakuna muumini aliyewahi kukijaribu.

"Hapana," Eunike alisema haraka. "Mimi ni Mlutheri. Tumwachie Mungu. Jumatano itajibu."

Wakazidi kumpenda. Bibi mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Yule muuza ndizi akapenya mpaka mbele, akamshika mkono. "Nisamehe, dada. Kura yangu unayo, na ya mume wangu nitahakikisha."

"Umesikia?" Catherine alimnong'oneza. "Mwaka huu tumeshinda, shoga yangu. Wewe nyamaza tu."

Eunike akanyamaza.

Mambo yangeishia hapo, kama si Elisaria mwenyewe. Alikuja kwa miguu na mkewe, wanawe na mama yake mzee, wakizomewa njia nzima. Dongo lilirushwa, likampata mtoto wake mkubwa begani. Elisaria hakugeuka. Aliwapanga wote mstari mmoja mbele ya Mzee Anande, mkubwa wa wazee wa koo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Wanasema ni mimi. Basi kilete chungu ukivunje. Ukoo wangu wote huu hapa."

"Mnafiki!" walipiga kelele. "Anatuigizia!"

"Mvunjie, babu! Wapukutike!"

Chungu kikaletwa. Mzee Anande alikinenea kwa Kimeru, taratibu, macho ameyafumba. Alipomaliza akasema kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakuelewa: "Aliyekata na ajitokeze sasa. Kikishavunjika, mimi sina dawa ya kukiunga."

Akangoja. Mama yake Elisaria alikuwa anatetemeka mpaka fimbo yake ikagongagonga chini, lakini hakutoka kwenye mstari. Hakuna mwingine aliyesogea.

Mzee akakiinua chungu juu ya jiwe.

Eunike alichomoka katikati ya watu, mtoto akirukaruka mgongoni, akakidaka kwa mikono miwili.

Kisha sauti ikapasuka kutoka nyuma: "Oneni roho hiyo! Anamwokoa hata adui yake!"

"Diwani!" Catherine aliitikia juu ya benchi. "Diwani wetu huyo!"

"Diwani! Diwani!" Uwanja mzima ukalipokea neno. Elisaria aliinamisha kichwa. Alijua kwamba kiti kimekwenda.

Mzee Anande alivuta chungu. Eunike hakukiachia.

"Mjukuu wangu," mzee alisema kwa upole, "huruma yako tumeiona. Sasa kiachie. Hiki hakikutafuti wewe wala huyo mtoto. Kinamtafuta aliyekata migomba yako."

Mtoto alikuwa ameanza kulia. Eunike alikikumbatia chungu kifuani, akasubiri kelele zitulie mpaka kila mtu angeweza kumsikia.

"Ndiyo maana nimekishika, babu."