Albamu ya Furaha

Mwimbaji alikuwa akimnyoa mumewe ndevu kwa wembe, naye mume, kichwa kakiegemeza kitini, akimsomea kwenye simu waliyoyaandika wahakiki kuhusu albamu yake ya pili.

"Huyu anasema ndoa imekuharibu," alicheka. "Ile ya kwanza, uliyoitunga baada ya marehemu mumeo kuanguka ngazini, iliwaliza wote. Hii eti ni muziki wa roki ulioshiba ukasinzia."

"Usicheke, nitakukata."

"Ngoja, mwisho wake ndio kiboko: 'Dada yetu anahitaji msiba mwingine.'" Akacheka tena, mpaka povu likamdondokea kifuani. "Sasa huo msiba utautoa wapi, mke wangu?"

Wembe ulisimama.

Chini ya taya, pale alipokwisha kunyoa, mshipa ulikuwa ukipiga taratibu, bila haraka, kama mguu wa mpiga ngoma anayesubiri kuingia. Mwimbaji aliutazama. Tangu harusi hakuwahi kupata hata ubeti mmoja wa maana. Sasa wimbo ulimjia wenyewe, mzima, na maneno yake.

Akaanza kuuimba chini kwa chini, midomo kaifumba.

"Mtamu huo," mume alisema, akafumba macho. "Mpya?"

"Mpya," akajibu. "Inua kidevu."