Nyumba ya Bi Akello

Mtu havuki mpaka hadi mwingine wa ng'ambo avuke kushika nafasi yake. Ndivyo sheria ilivyosema. Nekesa na wenzake wa chama kilichopinga sheria hiyo wakajitolea kuvuka ili waliotenganishwa na jamaa zao wapate njia. Nekesa alimpisha Bi Akello, aliyekwenda upande wa kwao Nekesa kumwona mjukuu mchanga, naye Nekesa akabaki ng'ambo akiitunza nyumba ya mama huyo.

Mwezi wa tatu Bi Akello akapiga simu. "Nisamehe, mwanangu. Sirudi tena."

Nekesa akajibu, "Kaa na wako, mama. Ndicho tulichokipigania."

Wenzake wote walikwisha kuvuka. Kwao hakubaki mtu aliye tayari kuja kushika nafasi yake ili yeye arudi. Akafungua sanduku lake, akatundika nguo zake kabatini, kando ya magauni ya Bi Akello.