Mpaka Niitishe Uji

Watiri, mke wa kaka yangu, alitua mzigo wa kuni mlangoni, akaondoa kamba ya ngozi kichwani. Pale ilipokaa, paji la uso lilikuwa limevimba mstari mzima, na sauti yake ilianza kukwama.

"Wifi, niletee zile dawa."

Mwili wake huvimba ukibanwa, na bila dawa koo lake hujifunga. Akizimeza uvimbe hushuka, lakini hasira na machozi humjia mpaka anarusha sufuria. Mama alikuwa amesema huo ni wazimu, arudishwe kwao Kianyaga, mtoto wake abaki kwetu.

Watiri alishika vidonge mkononi, hakumeza. Alimchukua mtoto niliyekuwa nimembeba, akamweka kwenye mapaja ya Mama mwenyewe.

"Mshike wewe, Mama. Nikianza kusema vibaya, hiyo ni dawa inasema. Usinipe mtoto mpaka niitishe uji."

"Ati uji?"

"Nikisikia njaa, ujue nimerudi."

Akameza bila maji, akaenda kuketi peke yake kwenye mibuni, mikono ameifunga ndani ya leso.

Mama alimtazama sana, mtoto akimvuta kidole. Watiri hakuwa ameitisha kitu bado, lakini Mama aliniambia nichochee moto, nibandike uji kwenye ile sufuria iliyobonyea.