Ndimu ya Kiongozi

Ndimu ilikuwa imekwisha kuwekwa chini ya gurudumu la mbele la pikipiki ya Sadayan, kama ilivyo desturi ya kuondoa mikosi ya safari: kiongozi wa msafara huiponda, ndipo pikipiki nyingine zimfuate kupanda milima ya Nilgiri, kusini mwa India. Kwa miaka ishirini na miwili haikupata kukaa chini ya gurudumu jingine.

"Mzee, ponda basi," akasema mmoja nyuma. "Au unaiomba radhi kwanza?"

Wakacheka. Sadayan naye akacheka, huku akijaribu kuibana klachi. Vidole viwili vikakataa kujikunja. Jana, kwenye kona ya tisa, vilikataa vivyo hivyo, na pikipiki ikamchukua hadi ukingoni mwa bonde. Aliyeona ni binti yake peke yake, wala hakumwambia mtu.

Sasa binti alisimamisha pikipiki yake ubavuni, akikitazama kile kiganja.

"Baridi hiyo, Baba," akasema taratibu. "Kipashe moto. Tutangoja."

Marehemu mama yake naye alijua kusema uongo wa huruma namna hiyo.

Sadayan akashuka. Akainama kwa shida, akaiokota ndimu iliyolowa umande, akaipangusa kwa shati, akaiweka chini ya gurudumu la binti yake.

Kicheko kikakatika.

"Baba, mimi nani hata niwatangulie wazee hawa?"

"Ponda, mwanangu." Akapanda nyuma yake, akamshika mabega. "Na kona ya tisa ipigie honi mapema. Umebeba mzigo unaovunjika."

Binti akashusha upesi kioo cha kofia yake. Ndimu ikapasuka.