Mgeni wa Safari ya Theluji

Majira ya theluji sheria ni moja: treni ikikwama, kila familia humtoa mtu mmoja akafukue reli, na treni haimsubiri. Basi Bi Zamda, akipanga safari ya harusi ya bintiye huko Makambako, alimkaribisha na shemeji yake Mkude, mcheshi asiye na mke wala mtoto.

Treni ikakwama.

“Si tulisema tutapiga kura?” Mkude akapiga kelele, kang'ang'ania mlango.

“Tulishapiga nyumbani, shemeji.”

Mume wa Zamda akamponda mdogo wake vidole kwa kisigino hadi mifupa ikalia, akamsukumia nje.

Reli ilipofukuliwa, treni ikaondoka.

“Mama, kurudi tutakuja na nani?” mtoto wao mdogo akauliza.

Mumewe akammiminia Zamda chai. Hakuwahi kufanya hivyo tangu amwoe.